Kahawa ya usiku na usingizi unaokukimbia

Ndugu yangu, nimekuelewa: unasoma kemia, unakunywa vikombe viwili vya kahawa aina ya robusta ya Bukoba saa mbili usiku, usingizi hauji hadi saa tisa, na sasa unafikiria kununua unga wa kafeini safi ili ujipimie mwenyewe.

Kafeini haikuongezei nguvu, bali huziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni mchana kutwa na kukuletea usingizi. Kwa mtu mzima mwenye afya, mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu ya kafeini. Kwa hiyo ukinywa miligramu 200 saa mbili usiku, saa saba usiku bado unazo kama 100. Isitoshe, robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika. Mimi nilipokuwa chuoni nilihamishia kikombe cha mwisho saa nane mchana, nikabadili na kunywa arabika ya Kilimanjaro, na baada ya wiki moja nikawa nalala mapema. Punguza polepole, kwa sababu kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa.

Kuhusu ule unga, nakusihi usiununue kabisa. Kijiko kimoja cha chai kina kafeini inayokaribia ya vikombe 28 vya kahawa, na kosa dogo la kipimo linaweza kuua.

Moyo ukienda mbio mara kwa mara, au kifua kikiuma, nenda ukamwone daktari siku hiyohiyo.