Swali na jibu: Tuwavute vipi vijana katika dakika mbili za mwanzo wa filamu yetu ya mapenzi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wanafunzi wanne wa chuo hapa Dar es Salaam. Tumepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya mapenzi usiozidi dakika 2, pamoja na majina ya watengenezaji, kisha tueleze kwa maandishi jinsi tulivyoivuta hadhira lengwa. Tumechagua vijana wa miaka 16 hadi 22. Hadithi inamhusu mwanafunzi wa uuguzi anayeishi kwa shangazi yake Kigamboni na kuvuka kwa kivuko kila asubuhi, pamoja na kijana fundi simu mwenye meza upande wa Magogoni. Mwanzo wetu unawaonesha wamekaa Coco Beach, jua likizama baharini (tulipiga picha alfajiri tukaigeuza kuwa jioni), kuna ua la waridi, kinanda cha taratibu, na jina la filamu ndani ya moyo mwekundu. Tuliowaonesha walisema ni nzuri, lakini walianza kuchungulia simu zao kabla ya dakika moja. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba, na ahsanteni kwa kueleza kazi yenu kwa ukamilifu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maelezo hayo.

Mmeanza filamu mahali ambapo kwa kawaida huishia. Wapenzi wameshapatana, wametulia, hakuna kinachowazuia, na mtazamaji hana cha kusubiri. Anayekuja kutazama hadithi ya mapenzi anataka kuona watu wawili wanaotakiana wakizuiwa na jambo fulani, na shauku yake huchochewa na kizuizi hicho kuliko inavyochochewa na kukumbatiana. Waridi, kinanda na moyo mwekundu vinamjulisha kwamba hii ni filamu ya mapenzi, na ni haki yake kujulishwa mapema. Lakini hilo alilielewa katika sekunde za mwanzo kabisa, na muda wote uliobaki mkawa mnamrudia jambo analolijua.

Tazameni jinsi filamu ya Kiingereza ya Notting Hill ya mwaka 1999 inavyoanza. Kwanza tunaoneshwa nyota wa sinema, anayeigizwa na Julia Roberts, akiwa mbele ya kamera na katika kurasa za majarida, huku wimbo wa mapenzi ukisikika. Kisha tunahamia kwa mwenye duka la vitabu, anayeigizwa na Hugh Grant, akipita katika soko la Portobello na kutusimulia mtaa wake na maisha yake ya kawaida. Hawajakutana, wala hakuna aliyemgusa mwenzake, lakini tayari tumeuona umbali uliopo kati yao na tunataka kujua utavukwa vipi. Ninyi mnao umbali wa namna hiyo, tena unaoonekana kwa macho, kwa kuwa wahusika wenu wametenganishwa na mkondo wa maji ambao maelfu ya watu wa Dar es Salaam huuvuka kila siku. Kuuacha mkondo huo na kwenda Coco Beach ni kuitupa picha bora kabisa mliyokuwa nayo.

Kuhusu Coco Beach yenyewe, nina neno moja. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini na kuzama upande wa mjini. Kijana aliyekulia Dar es Salaam anaijua jioni ya pale, na hata asipoweza kueleza kasoro iko wapi, atahisi kwamba picha hiyo imeazimwa kwenye kadi ya sikukuu. Hadhira huvutwa na mahali inapopatambua. Ikishahisi kwamba mahali ni pa kubuni, huanza kutilia shaka na hisia zinazooneshwa hapo.

Sasa tuje kwenye hadhira lengwa. Kusema "miaka 16 hadi 22" kunatosha kujaza fomu, lakini hakumsaidii mwongozaji kuamua kamera ikae wapi. Chagueni mtu mmoja ndani ya kundi hilo na mmfahamu vizuri. Nashauri awe msichana wa mwaka wa kwanza chuoni, anayeishi kwa ndugu, ambaye hana chumba chake peke yake na ambaye faragha yake yote imo ndani ya simu. Mtu huyo anafanana na mhusika wenu, na mambo anayoyaona ni ya hatari katika mapenzi si yale ya kwenye kadi. Anaogopa kuonekana na shangazi, anaogopa ujumbe uliosomwa bila kujibiwa, na anaogopa kuwa wa kwanza kusema.

Kutokana na hofu hizo mnaweza kupata picha ya kwanza. Binti amesimama kwenye kivuko katikati ya abiria. Picha ya karibu sana inaonesha kidole gumba chake kikibonyeza alama ya kipaza sauti kwenye WhatsApp. Sekunde zinahesabika kwenye kioo, anavuta pumzi, hasemi kitu, kisha anaburuta kidole kwenda kushoto na rekodi inafutika. Kata hapo. Upande wa Magogoni, fundi anafungua kifuniko cha simu ya mteja kwa bisibisi ndogo, anasikia honi ya kivuko, anainua macho kwenda majini, halafu anarudi kwenye kazi yake haraka kuliko inavyohitajika. Katika mikato miwili, bila mazungumzo na bila waridi, kijana wa miaka 18 ameshajua nani anampenda nani, nani hajathubutu, na kwa nini aendelee kutazama. Waacheni wapishane mlangoni pa feri bila kusemezana, na jina la filamu litokee baada ya hapo, wakati mtazamaji ameshapata sababu ya kutaka kulijua.

Katika picha hizo, sauti itawasaidia kuliko kamera. Watazamaji wa umri huu wamezoea picha zilizopigwa kwa simu na hawatawahukumu kwa hilo, lakini sauti yenye mvumo na upepo huwafukuza mara moja. Vukeni mara moja na simu mkarekodi injini, honi, minyororo na wachuuzi, kisha mtumie sauti hizo chini ya picha zilizobanwa sana kwenye uso na mikono. Kwa njia hiyo hamtahitaji kuonesha kivuko kizima. Mkiamua kupiga picha ndani ya kivuko chenyewe, ombeni ruhusa kwanza kwa TEMESA, wanaoendesha vivuko vya serikali, na muulize chuo chenu kuhusu kibali cha Bodi ya Filamu. Muziki uingie pale rekodi inapofutwa, si kabla. Ukitangulia, unamwagiza mtazamaji ahisi jambo ambalo hajaliona bado, na vijana hulitambua agizo la namna hiyo upesi. Tungeni wenu au tumieni wenye leseni huria inayowataka tu mtaje jina la mtunzi, kwa sababu wimbo wa msanii maarufu uliowekwa bila idhini ni kosa la hakimiliki, na YouTube inao mfumo wa kuutambua na kuizuia video.

Majina ya watengenezaji msiyaweke kwenye ubao mweusi unaosimamisha hadithi. Pangeni fremu ziwe na nafasi wazi, kwa mfano anga juu ya kichwa cha binti, na jina moja liingie hapo. Kwa mazoea ya filamu hutangulia kampuni, hufuata waigizaji wakuu, na jina la mwongozaji huwa la mwisho. Herufi ziwe nyepesi na za kawaida, na moyo mwekundu muuache kabisa.

Linalobaki ni namna ya kupima. Rafiki akiulizwa kama kazi ni nzuri, atajibu kuwa ni nzuri, kwa sababu anawapenda. Tafuteni watu wa umri huo wasiowajua, wa kozi nyingine au wa mtaa mwingine, muwaoneshe bila kutaja aina ya filamu. Mmoja wenu asitazame video, atazame macho yao, na aandike sekunde ambayo kila mmoja ameangalia pembeni. Kisha waulizeni filamu inamhusu nani, mhusika anataka nini, na wanadhani nini kitatokea. Wakitoa majibu yanayotofautiana sana kwa swali la pili, hariri upya. Wakitofautiana kwa la tatu, mmefanya vizuri. Rudieni jaribio hilo kwa video ileile kwenye simu, kwa sauti ya chini, kwa kuwa hapo ndipo wengi wao wangeikuta, na mtagundua kama maandishi yanasomeka.

Maelezo yenu ya maandishi yajengwe juu ya karatasi mlizoandika sekunde na majibu ya watazamaji hao. Msiandike kwamba mmetumia rangi za joto ili kuwavutia vijana, kwani sentensi hiyo haiwezi kuthibitishwa na mwalimu ameisoma mara nyingi. Andikeni kwamba katika toleo la kwanza watazamaji waliangalia pembeni kabla ya dakika moja, kwamba mlihamisha tukio kutoka ufukweni kwenda feri kwa sababu mliyoieleza, na kwamba katika toleo la pili macho yao yalibaki hadi sekunde fulani. Wekeni picha tulivu ya fremu ile ya kidole gumba kando ya aya hiyo, pamoja na maneno ya watazamaji wenyewe jinsi walivyoyasema, bila kuyasafisha.