Mngurumo wa usiku ambao hakuna mwingine anausikia

Juzi usiku dada mmoja wa Sengerema kanitumia meseji, anasema kuna kitu kinaunguruma chini chini, mumewe hasikii, na wifi yake keshaanza maneno ya majini. Pole sana dada yangu, ila kwangu umefika penyewe.

Wangu ulianza nikikaa Kirumba, hapa Mwanza. Mngurumo mzito, kama kivuko kimefunga gatini injini haijazimwa, na sio kusikia tu, yaani nikilala naona godoro linatetemeka, sikio la kushoto limejaa, kifua nacho kinafuata. Watu wanajua ule mlio mwembamba wa masikioni, wa kwiii, huu mzito hawaujui ndo maana wanakuona unaigiza. Jirani alikuwa na mafriza ya samaki nikajua ni yeye tu, mpaka siku umeme ulipokatika mtaa mzima, mafriza kimya, mngurumo upo pale pale. Baadae nikaenda msibani Ukerewe, kijijini huko mbele ya Nansio hakuna hata mashine ya kusaga, nikalala nao. Hapo nikaelewa natembea nao mwenyewe. Kwa hiyo dada kabla hujagombana na mtu, kalale sehemu nyingine ya mbali uone.

Hospitali ya kwanza niliambiwa nina mawazo, nikapewa panado. Hiyo bado inaniuma, acha niseme. Nilikuja kupata daktari wa masikio, pua na koo, akaangalia kama kuna nta, akanivalisha hedifoni akanipima usikivu, sauti nzito upande wa kushoto nilikuwa nazisikia kwa shida. Akasema sikio likipeleka sauti kidogo ubongo unajiongezea volyumu wenyewe, ndo unasikia kitu ambacho nje hakipo. Na ule mtetemo unaweza kuwa kamsuli kadogo ndani ya sikio kanakotikisa ngoma ya sikio. Kweli nikikaza taya mlio unabadilika! Akauliza na dawa, maana kwinini, aspirini nyingi na sindano za jentamaisini, ile antibayotiki, zinagusa masikio, na kwinini wazee wetu wote wanaijua inavyovumisha kichwa.

Sasa hivi nalala vizuri, na najisifu kwa hilo. Siri ni kutokulala kwenye ukimya. Mimi sauti za shiii za kwenye simu hazikunisaidia, ni nyembamba mno, kilichonifaa ni feni kubwa kuukuu na mawimbi ya ziwa yaliyorekodiwa, volyumu ya chini, isiuzidi mlio. Usizibe masikio na pamba, ukiziba ndo unausikia vizuri. Na usiku usiukagulie kagulie, ukiutafuta upo, lala na feni yako.

Na nyie mawifi, mashemeji, na nyie mnaoombea watu, ombeni sawa, mi mwenyewe nasali, lakini mtu akisema kichwa kinaunguruma mpeni nauli aende akapimwe masikio kwanza, msimfanye aogope kitanda chake. Mimi nilifukiziwa ubani wiki nzima, nikaishia kukohoa.

Dada, kuna kitu hukuniandikia. Huo mngurumo unaenda na mapigo ya moyo? Unapata kizunguzungu cha nyumba kuzunguka mpaka kutapika? Au sikio moja limeziba usikivu ghafla tu? Kama hata kimoja kipo usisubiri kujaribu feni, asubuhi funga safari uje hospitali ya Bugando hapa Mwanza, na majina ya dawa zote ulizotumia karibuni uwe umeyaandika.