Shangazi, mume wangu alirudi kutoka Kongo lakini usiku halali

SWALI: Shikamoo shangazi. Mume wangu alikuwa JWTZ, alienda Kongo na kikosi cha kulinda amani na alikuwepo kule Semuliki kambi ilipovamiwa Desemba 7, 2017. Saivi ameshastaafu. Usingizi hana, akilala kidogo anapiga kelele anataja majina ya wenzake, pikipiki ikipiga mshindo anajitupa chini, harusini haendi, msibani haendi, jioni ni pombe kali tu. Ndugu zake wanasema amechezewa, wanachanga hela apelekwe kwa mganga. Mwanangu ananiuliza baba ana nini nakosa jibu. Hivi hii inapona kweli?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na baba watoto mpe pole yangu. Siku ile askari wetu 15 waliuawa na wengine 43 wakajeruhiwa, kwahiyo aliyetoka pale mzima ametoka na mambo mazito kichwani.

Inapona. Wengi wanapona kabisa, wengine inapungua mpaka wanaishi vizuri, hata kama imepita miaka mingi. Mumeo hajarogwa na wala sio muoga, mwili wake bado uko lindo, yani ubongo umezoea hatari mpaka ule mshindo wa pikipiki anaukwepa kabla hajapata hata muda wa kufikiri. Madaktari wanaita PTSD, yani ugonjwa wa akili unaompata mtu baada ya kupitia tukio la kutisha. Wamarekani waliopigana Vietnam walihangaika nayo miaka na miaka, mpaka 1980 ndo ikaingizwa rasmi kwenye orodha ya magonjwa ya akili kwao.

Hiyo hela ya mganga naomba iwe ya hospitali. Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, muulizie kliniki ya afya ya akili, ikibidi watawapa rufaa Mirembe au Muhimbili, na kwa vile ni mstaafu wa jeshi ulizeni pia Lugalo. Tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu aliyesomea, mara nyingi vikao 8 mpaka 12 hivi, anasaidiwa kuyasimulia yale ya vitani taratibu mpaka yanapungua makali. Kuna na vidonge kama setralini, hivyo vinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, asivitupe wiki ya kwanza. Valiamu za kununua duka la dawa sitaki kabisa, zinamlaza leo kesho anazitegemea.

Najua atakwambia "mi sio kichaa". Usibishane, mwambie tunaenda kwa ajili ya usingizi, manake usingizi hata yeye unamsumbua, na kama kuna mwenzake waliokuwa wote Kongo mwombe aje aongee nae, wanajeshi wanasikilizana wenyewe kuliko watakavyokusikiliza wewe. Pombe asiikate ghafla kama anakunywa sana kila siku, anaweza kupata degedege, amweleze daktari ukweli wapange namna ya kupunguza. Na usiku akiweweseka usimshike, washa taa simama mbali umwite jina, akikurushia ngumi pale hajui kama ni wewe.

Mtoto mwambie baba aliona mambo mabaya kazini, yanamrudia, sio kosa lako, na tunamtafutia daktari. Inatosha, ya damu usimweleze.

Sasa hili ulishike sana mwanangu. Akianza kusema bora nife au nimekuwa mzigo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpi hilo wazo, wengi wanashusha pumzi kuona kuna mtu ameuliza. Akikubali, toa ndani sumu ya panya na dawa za shamba, asikae peke yake, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Na siku akikunyanyulia mkono akiwa macho kabisa, chukua watoto uende kwa ndugu kwanza, habari ya matibabu yake mtaipanga wewe na wanao mkiwa salama.