Majani ya Njano, Matunda Mtini: Bibi Shamba Anajibu Maswali ya Wakulima wa Nyanya

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zinahusu nyanya zilizokwisha kutoa maua na sasa zinajaza matunda, wakati ambao mkulima amekwisha kutumia karibu fedha zake zote na bado hajauza hata tenga moja. Hofu ya wakati huo ninaielewa, na ndiyo inayowapeleka wengi kwenye duka la pembejeo wakiwa na picha ya jani kwenye simu. Nimechagua barua nne ambazo waandishi wake walinyunyiza dawa au kuongeza mbolea, au wanataka kufanya hivyo, kabla ya kuligeuza jani na kulitazama upande wa chini, jambo ambalo halina gharama yoyote.

*Shikamoo Bibi Shamba. Ninalima nyanya aina ya Tanya hapa Ilula, wilayani Kilolo. Miche ilikua vizuri, lakini sasa vishada vya kwanza vina matunda ya ukubwa wa ndimu na majani ya chini yamekuwa ya njano. Nimeweka urea mara mbili na kupuliza busta (mbolea ya maji ya kupulizia majani), lakini njano inazidi kupanda juu. Niongeze nini?*

Marahaba. Kwa sasa usiongeze chochote. Ingia shambani asubuhi, chagua mimea kadhaa katika sehemu mbalimbali za shamba, si ile ya pembezoni tu, kisha jiulize njano ilianzia wapi kwenye mmea na imekaaje kwenye jani lenyewe. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu ni virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha: vinapopungua, mmea huvitoa kwenye majani makongwe na kuvipeleka kwenye machipukizi na matunda, na kwa hiyo dalili huanzia chini. Madini ya chuma na kalsiamu hayahamishiki kwa urahisi, hivyo upungufu wake hujionyesha kwenye majani machanga ya juu au kwenye tunda. Kwa kuwa umeandika kwamba njano ilianza chini na inapanda, tunaweza kuyaweka kando madini ya chuma.

Sasa tazama sura ya jani. Jani lote likiwa limepauka kwa usawa, pamoja na mishipa yake, na mmea mzima ukiwa mwembamba na hafifu, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mishipa ikibaki ya kijani huku nafasi zilizo kati yake zikigeuka njano, hasa wakati matunda yanapojaa, huo ni upungufu wa magnesiamu. Kingo za jani zikikauka na kuwa kahawia kana kwamba zimebabuliwa na moto, huku katikati ya jani kukiwa bado kijani, hapo panahitajika potasiamu, kirutubisho ambacho tunda la nyanya hukitumia kwa wingi kuliko vingine vyote.

Mtu aliyekwisha kuweka urea mara mbili hana sababu kubwa ya kukosa naitrojeni, na ninashuku kwamba utaiona ile sura ya pili. Urea nyingi wakati wa matunda ina madhara yake: hukuza majani laini yanayopendwa na wadudu wafyonzaji, huchelewesha kuiva, na amonia inayotokana nayo hushindana na magnesiamu na kalsiamu kwenye mizizi, kiasi kwamba mmea unaweza kukosa madini ambayo yamo udongoni. Ukiona matunda yameanza kuoza kitako, yaani doa jeusi lililodidimia upande wa chini wa tunda, fahamu kwamba kalsiamu haifiki kwenye tunda, na mara nyingi kisa chake ni umwagiliaji wa vipindi: leo mafuriko, wiki nzima ijayo ukame. Ikiwa ni magnesiamu, yeyusha gramu 20 za magnesiamu salfeti katika kila lita ya maji, puliza jioni jua likiwa limepoa, na urudie baada ya wiki mbili. Jani lililokwisha kuwa njano kabisa halirudi kuwa kijani, kwa hiyo pima mafanikio kwa kuangalia majani yaliyo juu yake.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujafunga shauri. Chimba kwa mkono kina cha shubiri moja karibu na shina: udongo ukiwa umelowa na unatoa harufu ya uvundo, mizizi inakosa hewa, na hakuna mbolea itakayosaidia mpaka upunguze maji. Kisha chunguza kama ndani ya hiyo njano kuna madoa ya kahawia yenye miviringo iliyozungukana. Hiyo ni bakajani tangulia, ugonjwa wa kuvu unaoanzia kwenye majani ya chini yaliyo karibu na udongo. Ondoa majani hayo, yatoe nje ya shamba, weka matandazo ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani, na tumia kiuakuvu kilichosajiliwa ikiwa madoa yanaendelea kupanda. Bakajani chelewa ni ugonjwa mwingine: huja wakati wa baridi na ukungu, ambao ninyi wa Iringa mnaujua sana, kwa mabaka makubwa yenye majimaji na utando mweupe chini ya jani asubuhi, na huweza kumaliza shamba kwa siku chache. Huo usiusubiri hata kidogo.

Na ikiwa majani yaliyogeuka njano ni mawili au matatu tu, yaliyo chini ya kishada ambacho matunda yake yamekwisha kukomaa, huo ni uzee wa kawaida wa jani. Yapunguze ili hewa ipite, na uendelee na kazi nyingine.

*Bibi Shamba, nipo Mlali, Mvomero. Mimea yangu ya nyanya inanyauka ghafla ikiwa na majani ya kijani kabisa, huku udongo una maji. Jirani ananiambia ni wadudu wa mizizi. Nipulize nini?*

Kata shina la mmea mmoja uliotoka kunyauka, kipande cha urefu wa kiganja kutoka karibu na udongo, kisha kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uutoe shambani, safisha jembe na kisu, usiruhusu maji ya mfereji yatoke kwenye sehemu iliyougua kwenda kwenye sehemu nzima, na msimu ujao panda mahindi mahali hapo, kamwe si viazi mviringo, bilinganya wala pilipili, kwa kuwa mimea hiyo ni jamaa moja na nyanya na hubeba bakteria haohao. Ikiwa maji yatabaki safi, angalia mizizi: vinundu vinundu vilivyovimba ni kazi ya minyoo fundo, na jirani yako atakuwa amesema kweli. Mnyauko fuzari nao hutofautiana, kwa sababu huanza na njano, mara nyingi upande mmoja wa jani au wa mmea, na shina likipasuliwa kwa urefu huonyesha michirizi ya kahawia.

*Kwako Bibi Shamba. Mimi ni mkulima wa Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Nyanya zangu zimetoa maua mengi, lakini majani yana vidoa vidogo vyeupe vingi, mengine yamekuwa rangi ya shaba, na juu kuna utando kama wa buibui. Nimenyunyiza dawa ya wadudu ya jamii ya pairethroidi mara tatu na hali imezidi kuwa mbaya. Dawa ni bandia?*

Huenda dawa ni halisi, ila umeielekeza kwa adui asiyehusika nayo. Unachokieleza ni utitiri mwekundu. Utitiri si mdudu. Ana miguu minane na ni wa ukoo wa buibui, na viuadudu vingi havimwui. Pairethroidi hufanya jambo baya zaidi: huua utitiri wawindaji na wadudu wengine ambao kwa kawaida huwala utitiri waharibifu, kisha waharibifu hubaki peke yao shambani bila mtu wa kuwazuia. Ndiyo sababu kila uliponyunyiza, vidoa viliongezeka.

Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya jani lenye vidoa, na uligonge jani kwa kidole. Subiri kidogo uone kama vumbi lililoanguka linatembea. Ukiwa na lenzi ya mkono, geuza jani uone karibu na mshipa mkuu: kuna mayai ya mviringo yanayong'aa, ngozi nyeupe zilizovuliwa, na utitiri wenyewe, wengine wa rangi ya chungwa iliyokolea. Kila kidoa cheupe upande wa juu wa jani ni mahali ambapo utitiri alichoma kutoka chini na kufyonza chembe hai. Joto na ukame huwaharakisha sana, hata kizazi kimoja kikakamilika kwa muda wa wiki mbili au pungufu, na vumbi la barabarani linalotua kwenye mistari ya pembeni huwasaidia pia.

Acha pairethroidi leo. Ondoa majani ya chini yaliyokwisha kuwa ya shaba, yatie kwenye mfuko hapohapo badala ya kuyaburuta kati ya mistari, na vaa nguo safi unapoingia katika sehemu ambayo haijaathirika, kwa sababu utitiri husafiri kwenye mikono na nguo za mfanyakazi. Hakikisha mimea haikosi maji. Kisha nunua dawa ambayo lebo yake inataja utitiri na nyanya kwa jina, na ambayo imesajiliwa na bodi ya kudhibiti viuatilifu nchini Kenya. Salfa inasaidia, ila usiinyunyize mchana wa joto kali, wala katika siku zilizo karibu na kunyunyiza mafuta ya aina yoyote, kwani itaunguza majani. Elekeza mdomo wa bomba juu, kutoka chini ya mmea. Maji ya dawa yakitua upande wa juu wa jani tu, umeosha vumbi na utitiri wako palepale. Na kwa kuwa maua yamefunguka, nyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamerudi.

*Shikamoo. Ninaandika kutoka Ngarenanyuki. Kantangaze ameingia shambani na nyanya zimeanza kubadilika rangi. Mnunuzi anakuja Jumanne. Je, nikipuliza Jumamosi dawa kali niliyoshauriwa dukani, zitakuwa salama?*

Marahaba. Hapana, usifanye hivyo, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu swali hili ni la watu wengi kuliko wanaothubutu kuliuliza.

Kantangaze ni nondo mdogo wa kijivu aliyetoka Amerika Kusini, akavuka hadi Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akaonekana Tanzania, katika ukanda wenu huohuo wa Arusha. Kiwavi wake hukaa ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akila nyama ya jani na kuacha mabaka mapana yanayopitisha mwanga, yenye kinyesi cheusi ndani yake. Usimchanganye na mdudu mchora ramani, ambaye njia zake ni nyembamba na zimejipinda. Liinue jani dhidi ya jua na utamwona kiwavi mwenyewe akiwa kivuli kidogo cha kijani. Kwenye tunda hupenda kuingilia chini ya kikonyo, penye vile vijani vidogo, kwa hiyo nyanya inaweza kuonekana nzima mpaka ukiinua hivyo vijani.

Kiwavi aliyejificha hivyo hafikiwi na dawa iliyopulizwa juu juu, na nondo huyu amejenga usugu dhidi ya viuadudu vingi duniani. Kuongeza ukali wa mchanganyiko hakuvunji usugu. Kinachosaidia ni kubadilisha kundi la dawa kwa kufuata namba ya kundi iliyo kwenye lebo, kwa maana majina mawili ya biashara yanaweza kuwa kitu kimoja ndani ya chupa. Dawa za bakteria Bacillus thuringiensis na za mwarobaini hufanya kazi vizuri zaidi kwa viwavi wadogo, yaani mapema, na mitego ya harufu ya nondo jike itakuonyesha idadi inapoanza kupanda. Mnavu unaoota kando ya mfereji humhifadhi pia, kwa hiyo ng'oa ulio karibu na shamba.

Sasa kuhusu Jumanne. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, na siku hizo zimeandikwa kwenye lebo. Dawa moja inaweza kudai siku 3 na nyingine 14. Hazikuwekwa kwa ajili ya kumsumbua mkulima. Ni muda ambao sumu inahitaji ili ipungue kufikia kiwango kinachokubalika kwa mlaji, na nyanya ni tunda ambalo watoto wetu hulila bichi kwenye kachumbari, saa nyingine likiwa limefutwa kwa kanga tu. Kuosha huondoa kilicho juu ya ganda, lakini dawa zinazoingia ndani ya mmea haziondoki kwa maji. Kama lebo imechanika, au dawa imepimwa kutoka kwenye chupa kubwa na kutiwa kwenye chupa ya soda, usiitumie kabisa.

Fanya hivi. Jumamosi na Jumapili usishike bomba. Vuna nyanya zote zilizokomaa na zile zilizoanza kubadilika rangi hata kidogo, kwa kuwa nyanya iliyofikia hatua hiyo huendelea kuiva vizuri ikiwa imechumwa. Inua kikonyo cha kila moja, tenga zenye tundu, uzitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na kuuacha juani mpaka viwavi wafe. Usizimwage ukingoni mwa shamba, maana nondo watatoka hapo na kurudi. Chuma pia majani yenye mabaka na uyatie humo. Jumanne mnunuzi akishapakia, nyunyiza jioni kwenye matunda ya kijani yaliyobaki, andika tarehe na jina la dawa kwenye daftari, hesabu siku za lebo kuanzia kesho yake, na umwambie mnunuzi tarehe ya mchumo unaofuata kabla hajaondoka.