Rangi ya miguu haisubiri: kwa anayeanza kazi ya kuainisha ndege na wanyama

Wiki yangu ya tatu katika chumba cha sampuli nilikabidhiwa trei ya fezanti 11 waliokaushwa, wote majike, niwaandikie majina. Kwa asiyewajua, fezanti ni ndege wa ukoo wa kuku na tausi, na karibu wote asili yao ni Asia. Madume hujipamba kama maharusi. Majike wana rangi ya majani makavu. Nilifungua kitabu cha picha, nikalinganisha michirizi ya kifuani, na kabla ya saa sita mchana kila ndege alikuwa na lebo mpya, kwa wino, kwa mwandiko wa kujivunia. Msimamizi wangu alipita, akachukua mmoja, akamgeuza chali. "Miguu yake ilikuwa ya rangi gani?" Nikamjibu kahawia. "Hiyo ni ya leo. Nimeuliza ilikuwa ya rangi gani."

Wote nilikuwa nimewaita Chrysolophus pictus, fezanti wa dhahabu. Sasa huyu ana ndugu, Chrysolophus amherstiae, ambaye jike lake linafanana naye kiasi cha kumchanganya hata mzoefu. Moja ya alama za kuwatenganisha ni miguu: ya wa dhahabu huelekea manjano, ya mwenzake kijivu chenye ubuluu. Lakini rangi za sehemu zisizo na manyoya, yaani miguu, macho na ngozi ya uso, huanza kupotea mara ndege anapokufa, na baada ya miaka michache kabatini miguu yote huwa na rangi moja ya mti mkavu. Juu ya hilo, spishi hizi mbili huzaana kirahisi zikifugwa pamoja, na machotara wao nao huzaa. Hakuna aliyeandika rangi ya miguu siku ndege wale walipokufa, wala hapakuwa na neno lolote la kuonyesha kama walitoka porini au bandani. Nilikuwa nimewapa majina 11 yasiyo na msingi, tena kwa wino.

Ndiyo maana ninayemfundisha simwanzishii majina. Namwanzishia kwenye lebo. Mnyama akikufikia leo, jina lake linaweza kusubiri hata miaka kumi. Rangi ya jicho lake haisubiri hadi kesho. Andika mahali alipopatikana, tarehe, aliyempata, jinsia na jinsi ulivyoijua, uzito, rangi za sehemu tupu, kilichokuwa tumboni, na kama alikuwa wa porini au wa kufugwa. Ukipima bawa, sema ulilibonyeza likalala juu ya rula au uliliacha na mpindo wake wa asili, maana vipimo hivyo viwili havilingani na yupo mtu atakayevichanganya kwenye jedwali moja. Kisha ndipo uandike unadhani ni nani. Na kama hujui, jenasi inatosha, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi, linalotaja kundi la spishi zinazokaribiana. Kuandika "Lophura sp.", yaani spishi ya Lophura isiyojulikana ni ipi, si aibu.

Majina ya kisayansi yenyewe huwatisha wageni bila sababu, na hapa anayezungumza Kiswahili ana nafuu ambayo wengi hawaitumii. Sisi tumezaliwa na mambo ya ngeli: mtu mzuri, kitu kizuri, jiwe zuri. Kilatini nacho hutaka kivumishi kifuate nomino, ila hubadilisha mwisho wa neno badala ya mwanzo. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeuweka mfumo huu wa majina mawili, alipomweleza fezanti wa fedha mwaka 1758 alimwita Phasianus nycthemerus; neno hilo la pili lina maana ya usiku na mchana pamoja, kwa sababu dume ni mweupe mgongoni na mweusi tumboni. Baadaye ndege huyo alihamishiwa jenasi Lophura, ambayo kisarufi ni ya kike, basi leo ni Lophura nycthemera. Ndege ni yuleyule, upatanisho tu umebadilika. Nimeona rejista ambayo sampuli moja imeingizwa mara mbili kwa ajili ya us na a, na hesabu ya mkusanyiko ikaonekana imeongezeka spishi moja.

Mabano nayo yana kazi. Ukiona Phasianus colchicus Linnaeus, 1758, bila mabano, jua fezanti huyu wa kawaida bado yuko katika jenasi alimowekwa na mwandishi wake wa kwanza. Ukiona Gallus gallus (Linnaeus, 1758), mabano yanakwambia amehamishwa. Alitoka wapi? Linnaeus alimwita Phasianus gallus. Kuku alikuwa fezanti! Kanga naye vilevile, Phasianus meleagris, na leo ana jenasi yake, Numida, na familia ambayo si ya fezanti kabisa. Twiga alianza katika Cervus, jenasi ya wale wanyama wenye pembe za matawi wanaoziangusha kila mwaka. Simba alikuwa Felis, pamoja na paka. Usiongeze mabano ili kupendezesha ukurasa, wala usiyaondoe kwa kudhani ni uchafu.

Majina ya kienyeji yapende, yaandike kwenye lebo, lakini usiyape kazi yasiyoiweza. Kereng'ende kwa mmoja ni ndege wa jamaa ya kwale, kwa mwingine ni mdudu mwenye mabawa manne anayezunguka juu ya maji. Duma kuitwa chui ni jambo la kila siku. Na hata jina la kisayansi lisikudanganye kuhusu makao: colchicus inatokana na Kolkis, nchi ya kale mashariki ya Bahari Nyeusi, na Phasianus ni mto Phasis wa hukohuko, ambao leo huitwa Rioni, nchini Georgia. Ndege mwenyewe asili yake inaanzia huko hadi China, na watu wamempeleka Ulaya na Amerika Kaskazini kwa ajili ya uwindaji.

Sasa jinsia, maana hapa ndipo wageni wengi huanguka kifudifudi. Utaambiwa: mwenye rangi ni dume, mwenye rangi ya udongo ni jike. Mara nyingi ni kweli, tena kwa sababu inayoeleweka. Dume la fezanti wa kawaida huwa na majike kadhaa na halilalii mayai. Jike hukaa chini, juu ya mayai yanayoweza kufika 10 au zaidi, kwa wiki tatu na siku kadhaa, na anachohitaji ni kutoonekana. Lakini dume kijana hufanana na mama yake mpaka anapobadilisha manyoya. Tena kuna jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipolishika mkononi: jike mzee anayevaa manyoya ya dume. John Hunter, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliliandikia mwaka 1780. Katika ukoo wa kuku, homoni ya ovari ndiyo inayompa jike manyoya ya kike. Ovari ikizeeka au ikiugua, homoni hupungua, na manyoya yanayoota baada ya hapo huja na urembo wa dume. Mwaka mmoja tulimpokea wa namna hiyo, shingo inang'aa kijani, na kila mtu mezani akasema dume. Tulipompasua tukakuta ovari moja iliyosinyaa. Kwa hiyo usiandike alama ya jinsia peke yake. Andika "jike, kwa ovari" au "dume, kwa manyoya tu", ili atakayekuja ajue aamini kiasi gani.

Kama unataka mfano mmoja wa kukaa nao moyoni, chukua wa James Chapin, mtaalamu wa ndege wa Marekani. Mwaka 1913, akiwa Kongo katika msafara uliokuwa ukimtafuta okapi, mnyama wa msituni mwenye milia miguuni, pamoja na wanyama wengine, aliona kofia iliyopambwa kwa manyoya, na kati yake unyoya mmoja wa bawa wenye mistari ya kahawia nyekundu na nyeusi ambao hakuweza kuutambua. Aliutunza. Hakuubandika jina la ndege wa karibu ili akamilishe orodha. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa wakiwa wamesahaulika, na lebo inasema ni tausi wa kawaida, wachanga, walioletwa kutoka nje. Jike alikuwa na unyoya uleule. Mwaka huohuo akamtangaza Afropavo congensis, tausi wa Kongo, jenasi mpya kabisa, jamaa wa tausi wa Asia anayeishi katika msitu wa Afrika. Miaka 23 unyoya ulisubiri, na muda wote huo lebo ya Tervuren ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza vizuri.

Okapi mwenyewe aliingia sayansini kwa mlango wa pembeni. Philip Sclater, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, mwaka 1901 alikuwa na vipande vya ngozi yenye milia tu, akamwita Equus johnstoni, yaani mmoja wa jamaa ya punda milia. Mwaka huohuo yalipopatikana mafuvu ikaonekana ni ndugu wa twiga, akapewa jenasi Okapia. Mimi simlaumu Sclater. Alisema wazi ana nini mkononi, na vipande vile vilibaki, ndiyo maana kosa liliweza kurekebishwa.

Kuhusu jeni nitakuwa mfupi, kwa sababu utafundishwa kwingine na mambo yenyewe yanaendelea kubadilika. Jua hili tu: "fezanti" si tawi moja la mti wa uzao. Ni jina tunalowapa ndege wakubwa wenye mikia mirefu ndani ya familia Phasianidae, na mikia mirefu imejitokeza zaidi ya mara moja. Kuku-mwitu yuko karibu na baadhi ya kwale kuliko alivyo karibu na fezanti wa kawaida. Fezanti wa kawaida yuko karibu na kwale kijivu wa Ulaya, Perdix perdix, kuliko na tausi. Bata mzinga naye yumo humohumo. Hata kwale wa Afrika, waliokuwa wote Francolinus, wamegawanywa: wale wa Pternistis wako upande wa tombo, wengine upande wa kuku. Ukizoea hayo hutashangaa ukiambiwa fisi yuko upande wa paka na nguchiro wala si wa mbwa, au kwamba pimbi, mdogo hivyo, jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva.

Na jeni hazitoi tu majina mapya, pia hufuta. Wafaransa Jean Delacour na Pierre Jabouille walimtangaza fezanti wa kifalme, Lophura imperialis, mwaka 1924, kutokana na jozi hai iliyopatikana Vietnam. Ndege mzuri, wa buluu iliyokolea, mwenye shungi. Kwa miongo mingi alihesabiwa kati ya ndege adimu kuliko wote duniani. Mwaka 2003 uchunguzi wa jeni na wa maumbile ulionyesha kwamba ni chotara wa fezanti wa fedha na fezanti wa Edwards. Huyo wa mwisho, Lophura edwardsi, ndiye aliye hatarini kwelikweli. Tangu mwaka 2000 hajathibitishwa kuonekana porini. Ninayekumbuka habari hii kila ninaposikia mtu ametangaza spishi kwa ndege wawili ni mimi, na huwa naonekana mchoyo wa sherehe. Potelea mbali.

Mambo madogo ya mikono yatakusaidia kuliko unavyofikiri. Lebo iandikwe kwa penseli, au kwa wino usioyeyuka katika pombe ya kuhifadhia. Ifunge miguuni kwa uzi, usiibandike. Sampuli za zamani zishike kwa glavu, maana wengi wa waliozitayarisha walipaka aseniki kuzuia wadudu, na sumu hiyo haijaondoka. Ndege abebwe kwa mwili mzima, kamwe si kwa mkia: mkia wa fezanti wa Reeves unaweza kupita mita moja na nusu, na ukikatika mikononi mwako utakumbukwa nao.

Na lebo ya zamani haitolewi. Hata ikiwa na makosa, hata ikiwa na mwandiko wa mtu anayejisifu. Unaongeza yako nyuma yake, na tarehe. Wale fezanti 11 bado wamo, droo ya tatu kutoka chini. Kila mmoja ana lebo yangu ya wino inayosema Chrysolophus pictus, na nyuma yake ya penseli inayosema "Chrysolophus sp., rangi ya miguu haikuandikwa". Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza ni nani aliyeandika ile ya kwanza. Nilimwonyesha tarehe, nikamwachia ahesabu mwenyewe.