Gitaa na nota: majibu kwa wanaoanza

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: kusoma nota za mistari mitano kwa mtu anayeanza gitaa. Nimezijibu zile zinazowahusu wengi.

Shela, Lamu. *Mwalimu, nina miaka 44 na gitaa nalicharaza kwa sikio tangu ujana. Vijana waniambia bila nota mimi si mwanamuziki. Ni kweli?*

Si kweli hata kidogo, kaka. Muziki wa Pwani umelelewa na sikio: mtu huketi kando ya fundi, akautazama mkono wake, akaenda kujaribu. Nota zitakupa kitu kingine, nacho ni kuupiga wimbo ambao hujawahi kuusikia, au kumwandikia mwenzako aliye mbali sehemu yake akaipiga kama ulivyotaka. Ukiyataka hayo, anza leo. Umri wako hauzuii chochote. Ila uchague nyimbo usizozijua. Mwenye sikio zuri husoma nota tatu za mwanzo, akishautambua wimbo anaacha kusoma na kumalizia kwa kichwa.

Malindi mjini. *Kwani tabo, yale maandishi ya gitaa ya mistari sita na nambari, hazitoshi?*

Zatosha kukuonyesha pa kuweka kidole. Mistari yake sita ni nyuzi sita, na nambari ni freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Wala si mambo ya intaneti. Wapigaji wa luti wa Ulaya, chombo kilichotokana na udi, walizitumia katika karne ya 16. Tatizo ni kwamba tabo nyingi tunazozipata hazisemi sauti idumu muda gani, na mpiga fidla au kinanda hawezi kuzisoma. Mimi natumia zote mbili.

Barani, Malindi. *Nimehifadhi majina ya mistari na nafasi zote, lakini nikishika gitaa nababaika. Nianzie wapi?*

Umejitwika mengi kwa mara moja. Ziache nyuzi tatu nene, ushughulike na nyembamba tatu tu. Uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko wote, ukipigwa wazi, yaani bila kubonyezwa popote, ni E. Kwenye karatasi hukaa katika nafasi kati ya mstari wa nne na wa tano, ukihesabu kutoka chini. Freti ya 1 ni F, kwenye mstari wa tano wenyewe. Freti ya 3 ni G, inayokalia juu ya mistari yote. Uzi wa pili wazi ni B, mstari wa katikati. Freti ya 1 ni C, freti ya 3 ni D. Uzi wa tatu wazi ni G ya chini, kwenye mstari wa pili, ule unaozungukwa na kitumbo cha ufunguo, ile alama kubwa iliyojipinda pale mwanzoni. Freti ya 2 ni A. Basi una nota nane, G hadi G, na nyimbo nyingi za watoto zinapigika kwa hizo peke yake.

Lakini kabla ya kugusa uzi, piga makofi. Wanaoanza hudhani shida yao ni majina ya nota, kumbe kinachowaangusha mara nyingi ni mapigo. Weka gitaa chini, gonga mguu sawasawa, uhesabu kwa sauti: moja na, mbili na, tatu na, nne na. Pale nambari za mwanzoni ni 4 juu ya 4, nota yenye kichwa cheusi na mguu mtupu huchukua pigo moja. Yenye kichwa cheupe na mguu huchukua mawili. Duara jeupe lisilo na mguu, manne. Nyeusi yenye kibendera, nusu pigo. Ukikuta 6 juu ya 8, hesabu hadi sita huku ukikaza moja na nne. Aliyekulia kwenye chakacha, mwili wake washaijua hesabu hiyo.

Kutoka kwa mwanakwaya, Malindi. *Shikamoo Mwalimu. Kwaya yetu husoma solfa, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti. Itanisaidia kwenye gitaa?*

Marahaba, mwanangu. Itakusaidia sana. Katika solfa iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza karne ya 19, do huhama: mkiupandisha wimbo, do nayo inapanda. Kwenye mistari, G ni G daima. Kazi yako ni kuisaka do. Tazama alama zilizopangwa baada ya ufunguo. Zikiwa shapu (alama # za kupandisha sauti nusu hatua), ya mwisho upande wa kulia ndiyo ti, na do iko hatua moja juu yake. Kwa hiyo ukiona F shapu peke yake, do ni G. Zikiwa flati (alama ♭ za kuishusha nusu hatua), ya mwisho ndiyo fa, nawe ushuke mi, re, do. Ukiona B flati peke yake, do ni F. Pasipo na alama, do ni C. Kisha uimbe mstari mzima kwa solfa ndipo uupige. Kidole kikikosea, sikio lako litakwambia kabla ya mtu mwingine.

Watamu. *Nimepiga C ya nafasi ya tatu kwenye kinanda cha simu, ikatoka juu kuliko ya gitaa langu. Nimekaza nyuzi vibaya?*

Nyuzi zako ni sawa. Nota za gitaa huandikwa oktavu moja (kama kutoka C hadi C inayofuata) juu ya sauti yake halisi, ili zisijazane chini ya mistari.

Mkomani, Lamu. *Nota moja naipata sehemu nyingi shingoni. Nitajuaje ipi inatakiwa?*

Hapo ndipo gitaa linapokuwa gumu kuliko kinanda. Ile E ya uzi wa kwanza wazi iko pia kwenye uzi wa pili freti ya 5, wa tatu freti ya 9 na wa nne freti ya 14, na zote huandikwa mahali pamoja. Mwandishi makini hukusaidia: nambari ndani ya kiduara ni uzi, nambari ndogo kando ya nota ni kidole cha mkono wa kushoto, kuanzia 1 cha shahada, na 0 ni uzi wazi. Usipoona alama, baki kwenye freti nne za mwanzo.

Mambrui. *Nyimbo za taarabu zaweza kuandikwa kwa nota hizi?*

Zaandikika. Zile sauti za robo zilizomo katika maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama rasti na bayati zina alama yake, flati iliyokatwa kwa kistari. Udi hauna freti, kwa hiyo huzitoa bila taabu. Gitaa la kawaida lina freti, na sauti hizo huangukia katikati. Waweza kuuvuta uzi kidogo ukazikaribia, lakini kwa wimbo wa bayati mimi ningemwachia mpiga udi aongoze.

Gede. *Karatasi za nota sizipati madukani.*

Chukua daftari na rula, uchore mistari mitano iliyopishana milimita mbili, na chini yake uache nafasi kubwa. Nafasi hiyo utaihitaji: E ya uzi mnene kabisa huning'inia chini ya kimstari cha tatu cha nyongeza. Kila wiki andika humo wimbo mmoja unaoujua kwa moyo, umpe mwenzako aupige bila kumwambia ni upi.