Kochi la gorofa ya tano, friji ya getini na maswali mengine ya kutoa vitu vizee kwenye fleti

Wiki hii maswali karibu yote yametoka kwa watu wa fleti zenye masharti, zile za soja getini, keyateka anazunguka na simu, na karatasi ya sheria imebandikwa pale ngazi zinaanzia. Mimi nimehamisha watu hapa Kisumu miaka kadhaa, sahii kazi yangu kubwa ni kutoa vitu vizee, kwa hivyo nawajibu kutokana na yale nimebeba kwa mabega yangu.

Habari kaka. Niko Milimani, Kisumu, gorofa ya tano na hakuna lifti. Nina sofa ya siti saba imeoza mbao. Ploti yetu inaruhusu vitu kutolewa saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumapili hapana, na huwezi kuacha kitu pakingi hata dakika. Jamaa wa mkokoteni alikuja jioni akafukuzwa. Nianzie wapi?

Anzia kwa keyateka, mkokoteni uje baadaye. Hapa ndio watu wengi hukosea, mtu anatafuta mbebaji kwanza, anakubaliana bei, anatoa kochi hadi kwa mlango, alafu ndio anakumbuka kuna masharti, sasa kochi limeziba ngazi, jirani wa gorofa ya nne amebeba mtoto hawezi kupita, na wewe unaonekana mtu mbaya na hukuwa na nia mbaya. Mwandikie keyateka meseji, isiwe ya mdomo tu, umwambie siku, saa, kitu chenyewe, watu wangapi watapanda na namba ya gari itakayoingia. Akijibu sawa, hio meseji unaionyesha soja na mambo yanaisha hapo. Kama jengo lina ajenti, mtumie pia yeye, kwa sababu keyateka anaweza kuwa ofu siku hio na aliyeshika zamu hajui chochote.

Kabla ya siku kufika, pima. Chukua tepu upime upana wa mlango, upana wa ngazi na hasa ile kona ngazi inapogeuka, maana kochi hukwama kwa kona, kwa mlango huwa linapita. Naongea hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilipima kwa macho, sofa ikapita mlango vizuri ikakwama gorofa ya tatu, tukaisukuma, ukuta ukakwaruzwa mstari mrefu na mama mwenye nyumba niliyekuwa namhamisha akaambiwa atakatwa dipositi. Nilirudi kesho yake na rangi yangu nikapaka upya, na tangu siku hio sipandi kwa mtu bila tepu.

Lakini hio yako imeshaoza, kwa hivyo usishuke nayo nzima. Sofa nyingi za huku ni za mafundi wa jua kali, wale wa Kibuye na kwingineko, fremu ni mbao na misumari, ndani sponji, juu kitambaa. Mtu mmoja na nyundo, kisu na msumeno anaifungua palepale sebuleni, unatandika shuka kuukuu chini ndio misumari isibaki kwa tailizi. Sponji inafungwa kamba, mbao zinafungwa kamba, kitambaa kwa gunia, na vijana wawili wanashuka navyo bila kugusa ukuta. Piga picha ya ngazi kabla na baada, zitakusaidia siku ya kudai dipositi yako. Panga asubuhi, mvua ya Kisumu hupenda mchana na jioni, na sponji ikishika maji inakuwa mzigo mwingine kabisa.

Bei, kubaliana kwa kuhesabu gorofa na safari, na muulize kabisa nani analipa wakirudishwa getini. Uliza pia vitu vinaenda wapi. Hili silisemi kwa kujaza maneno. Ukilipa mtu bei ya chini sana bila kuuliza, kuna uwezekano sofa yako itaishia kando ya mto Auji ama kwa mtaro wa Nyalenda, alafu mvua kubwa ikija maji yanaingia kwa nyumba za watu ambao hawakuwahi hata kukalia hio sofa. Kwa sheria, mtu anayebeba taka kama biashara anafaa kuwa na leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, muombe akuonyeshe. Mwenye nayo hukuonyesha bila kukasirika.

Mimi ni wa Section 58, Nakuru. Friji yangu imekufa, fundi amesema haitengenezeki. Nilipata mtu wa vyuma akakubali kuinunua lakini soja amekataa itoke, eti nilete barua. Ni friji yangu! Hii ni haki kweli?

Dadangu naelewa uchungu, lakini hapa nasimama na soja. Yeye haoni friji mbovu, anaona friji inatoka na mtu asiyemjua, na ikiwa ni ya jirani amesafiri, yeye ndio anapoteza kazi. Muombe keyateka ama ajenti akuandikie kibali kifupi, jina lako, namba ya nyumba, kitu na tarehe, mkiweka sahihi wote wawili. Ni kitu ya dakika tano.

Tena huyo wa vyuma naye ana sheria yake. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu ya 2015, anayenunua anatakiwa awe na leseni na aandike ameuziwa na nani. Na mnakumbuka Januari 2022 biashara yote ya vyuma ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu nyaya na vyuma vya stima vilikuwa vinaibwa, ikafunguliwa tena baadaye mwaka huohuo. Kwa hivyo asipokuuliza kitambulisho wala jina, mimi ningemwogopa.

Sasa kitu kikubwa. Usikubali aikatie friji hapo koridoo ama nyuma ya jengo. Wengi wanataka kampresa na shaba tu, wanakata paipu ndio wabebe kidogo, na ile gesi yote inatoka. Angalia kikaratasi nyuma karibu na kampresa, kimeandikwa aina ya gesi. Ikiwa R-600a, hio inashika moto, mtu akikata karibu na jiko ama sigara ni hatari ya kweli. Ikiwa R-134a, haiwaki kirahisi lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ukilinganisha na kaboni dioksaidi ya uzito uleule. Na zile friji za zamani kabisa za R-12 gesi yake inakula tabaka la ozoni. Mtafute fundi wa friji mwenye mashine ya kunyonya gesi aitoe kwanza, alafu uza chuma. Na mlango wa friji ung'oe ama uufunge kwa kamba kabisa ikiwa itakaa nje hata kidogo, mtoto akiingia ndani akajifungia hewa inaisha haraka sana. Tafadhali hii usiipuuze.

Godoro lina kunguni. Nikilitoa usiku nikaliacha kwa pipa la ploti kuna shida?

Kuna shida kubwa, ya kwanza ni kwamba asubuhi mtu atalichukua. Atafurahi amepata godoro la bure, na usiku huo watoto wake wataanza kuumwa. Nawaomba sana msifanye hivyo.

Lifunge na nailoni kubwa ndani ya chumba, kabla ya kuvuka mlango, ufunge kwa selotepu kila mahali, kwa sababu ukilikokota wazi kwenye ngazi unawagawia majirani wa gorofa zote. Likate kwa kisu katikati ndio lisitamanike, uandike KUNGUNI kwa herufi kubwa. Mwambie keyateka ukweli. Najua ni aibu, lakini kunguni hawaingii kwa uchafu, wanaingia na mizigo, na kama nyumba yako iko nao huenda na ya pili iko nao, jengo lipigwe dawa pamoja. Na ujue kutoa godoro peke yake hakumalizi, wako kwa viungo vya kitanda, kwa nyufa, nyuma ya soketi, na wanaweza kukaa miezi bila kula wakikungoja.

Tunalipa pesa ya taka kila mwezi, na vijana wa gari wamekataa kubeba kiti na meza yangu iliyovunjika. Si tumelipa?

Mmelipia mifuko ya taka ya kila wiki. Kiti na meza ni mzigo wa kando, ongea na hao hao vijana, mara nyingi watakubali kwa nyongeza na watakuambia siku gari lina nafasi. Usiweke kando ya pipa ukitumaini watachoka.

Nimehamia fleti Kakamega nikapata mpangaji wa kwanza ameacha vitu kwa balkoni, TV mbili za zamani zile za mgongo mkubwa, masanduku na viatu. Naweza kutupa?

Bado. Si vyako na si vya kutupwa na wewe. Piga picha siku ya kwanza, mtumie ajenti, mwambie kwa maandishi avitoe ama akupe ruhusa, umpe muda unaoeleweka. Nimeona mtu akitupa sanduku kumbe ndani kuna vyeti vya shule, na mwenyewe alirudi baada ya wiki mbili. Vyeti vya mtu ni maisha yake.

Zile TV, wengi walibaki nazo tangu tulipohama kwa matangazo ya dijitali 2015. Kioo chake kina madini ya risasi, usiache mtu aivunje atafute shaba hapo nje watoto wanapocheza, na nyaya zisichomwe, ule moshi ni sumu. Nairobi kuna WEEE Centre wanaofungua vitu vya stima vizuri. Sisi wa huku ukiwa na moja pekee safari haina maana, lakini mkiongea kwa grupu ya ploti mtashangaa mtapata TV sita, redio na kompyuta mbovu, na mzigo huo mnaweza kuutuma kwa gari moja mkichanga.

Nahama mwisho wa mwezi, niko mtaa wa London, Nakuru. Nina nguo, vyombo, kitanda cha mtoto na viti viwili vya miguu mibovu. Nataka nipeleke kwa nyumba ya kulea watoto badala ya kutupa. Nifanyeje na keyateka anasema ni siku moja tu ya kutoa vitu?

Mungu akubariki kwa kufikiria hivyo mama. Wapigie kwanza uwaulize wanahitaji nini, usiwapelekee tu. Nguo zifue, vyombo vilivyopasuka viache, na kitanda cha mtoto hakikisha bolti zote ziko, uzifunge kwa kikaratasi cha nailoni uzigundishe kwa ubao wa kitanda. Viti vibovu usiwapelekee, kwa sababu kutoa kitu kibovu ni kumhamishia mwenzako kazi ya kukitupa, na hao watu hawana pesa ya kulipia gari la taka. Mpe fundi wa viti aweke miguu mipya, ikishindikana akae na mbao.

Na kwa vile una siku moja tu, gawa mizigo usiku wa kuamkia siku hio, vya kuhama chumba kimoja, vya kupeana sebuleni, vya kutupa jikoni karibu na mlango. Gari la taka liwe la kwanza kufika asubuhi, saa mbili kama geti linafunguliwa saa mbili, la watoto lifuate, lako liwe la mwisho. Ukigeuza hio mpangilio utajikuta umeshafunga nyumba, umeshapeana funguo, na viti viwili viko nje ya mlango vinakungoja.